Pima fremu kabla hujanunua: umbo la baiskeli na jinsi linavyoamua mwendo wake

Baiskeli yangu ya kwanza ya mtumba niliinunua kwa macho. Bluu iliyokoza, giya 21, rimu zinang'aa. Muuzaji alinyanyua mbele akalizungusha gurudumu, likazunguka bila kuyumba. Nikalipa. Njiani kurudi nyumbani nikagundua usukani ni mzito, na kila nikikata kona ya taratibu ncha ya kiatu inagonga tairi la mbele. Nilibadilisha gololi za shingo. Nikabadilisha tairi. Nikamlipa fundi anyooshe rimu ambayo haikuwa na kosa lolote. Miezi minne ikapita hivyo.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mtu mzima, kijiwe chake kiko chini ya mwembe. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakushika spana. Alirudi nyuma hatua kama 8, akaitazama baiskeli kwa ubavu, akasema: "Mwanangu, hii ilishagonga kitu. Foki imerudi nyuma." Akachukua ubao mwembamba ulionyooka, akaulaza sambamba na shingo ya fremu mpaka chini, kisha akanipa rula nipime mwenyewe kutoka ubaoni mpaka katikati ya ekseli ya mbele. Foki, ile miguu miwili inayolishika gurudumu la mbele, ilipaswa kuchomoza mbele kama milimita 40 lakini ilikuwa imebakiwa na 12.

Tangu siku hiyo sinunui baiskeli kabla sijaipima. Giya hubadilishwa, siti hubadilishwa, rangi hupakwa upya, lakini umbo la fremu utaishi nalo kila siku. Hapa naeleza namna ya kulisoma umbo hilo kwa vifaa vya bei ndogo, na kila kipimo kinakwambia nini kuhusu baiskeli itakavyokuwa barabarani.

Vifaa na majina

Utahitaji futi ya fundi, rula, uzi wenye nati nzito nchani uwe timazi yako, ubao au bomba jembamba lililonyooka lenye urefu wa mita moja, chaki, na simu yenye programu ya kupima pembe. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Jaza tairi upepo kamili kwanza, maana tairi laini la mbele huishusha shingo na kuharibu vipimo vyote.

Majina ya viungo hutofautiana kati ya kijiwe na kijiwe, kwa hiyo tukubaliane. Shingo ni lile bomba fupi la mbele ambalo foki hupita ndani yake. Mchomozo ni umbali ambao ekseli ya mbele imesogezwa mbele ya mstari wa katikati ya shingo, ama kwa kukunja ncha za foki, ama kwa kuzichomelea kwa mwinamo. Bomba la siti ndilo linalobeba siti, na krenki ni mikono ya pedeli. Na ukisikia mtu anasema ana baiskeli "namba 28" au "namba 26", anataja ukubwa wa gurudumu. Ukubwa wa fremu ni jambo jingine kabisa, nitalifikia.

Hatua ya 1: Hakikisha fremu imenyooka

Kipimo cha fremu iliyopinda hakina maana, kwa hiyo anza hapa hata kama muuzaji anakuharakisha.

Pitisha kidole gumba chini ya bomba la juu na chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya shingo. Baiskeli iliyogonga mbele huacha alama mahali hapo: kivimbe kidogo, au mkunjo kama wa ngozi ya kiwiko, mara nyingi rangi ikiwa imepasuka kwa mstari mwembamba. Jicho linaweza kudanganywa na rangi mpya. Kidole hakidanganyiki. Ukihisi mkunjo, rudisha baiskeli, hata ikiwa bei ni ya kutupa.

Kisha funga uzi kwenye ekseli ya nyuma upande wa kushoto, uuvute mpaka mbele, uuzungushe kwenye shingo na kuurudisha mpaka ekseli upande wa kulia, ukaze. Pima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la siti, kushoto na kulia. Zikiwa sawa, au zikipishana milimita moja tu, sehemu ya nyuma imekaa vizuri. Zikipishana milimita 4 au 5, gurudumu la nyuma halifuati njia ya la mbele, na utakuwa unaisahihisha kwa mikono safari nzima bila kujua kwa nini mabega yanauma.

Mwisho tazama foki imefungwa upande gani. Hili linaonekana jambo la kitoto, ila nimeliona mara nyingi kwenye baiskeli za bei nafuu zilizounganishwa kwa haraka: foki imegeuzwa, mchomozo unatazama nyuma. Breki za mikono miwili mirefu zinapaswa kukaa mbele ya foki. Ukiziona zimejificha nyuma yake, karibu na bomba la chini, foki imegeuka. Dawa yake ni dakika 20 za kazi na grisi kidogo.

Hatua ya 2: Pima mlalo wa shingo

Weka ubao sambamba na shingo, weka simu juu ya ubao, soma pembe kati yake na sakafu. Kisha laza simu sakafuni usome tena. Kama sakafu ina mteremko wa digrii 1, iondoe au iongeze kwenye hesabu yako.

Shingo iliyosimama ni ile yenye digrii nyingi, na shingo iliyolala ina digrii chache. Baiskeli ya mashindano ya barabarani kwa kawaida huwa kati ya 72 na 74. Baiskeli za mlimani za miaka ya 1990, ambazo ndizo nyingi kwenye mitumba, hukaa karibu na 71. Za mlimani za kisasa zimelala sana, 63 mpaka 66 kwa zile za kuteremkia miamba. Na ile baiskeli nyeusi ya chuma ya babu zetu, Phoenix au Avon, ambayo Kenya huitwa Black Mamba? Niliipima ya jirani yangu nikapata 67. Imelala karibu kama ya mlimani ya kisasa, lakini inaongozeka tofauti kabisa, na sababu yake iko kwenye hatua inayofuata.

Yenyewe, pembe ya shingo inakwambia mambo mawili. Kwanza, shingo ikilala, gurudumu la mbele linakaa mbali zaidi na wewe, kwa hiyo ukishuka mteremko mkali au ukifunga breki ya mbele ghafla si rahisi kupinduka. Pili, usukani huanza "kuanguka": ukiukata kidogo ukiwa mwendo wa polepole, mbele ya baiskeli hushuka na gurudumu hutaka kuendelea kukata lenyewe. Ndiyo maana baiskeli ya shingo iliyolala hulegea na kutangatanga ukipanda kilima taratibu. Baiskeli nyingi za Uholanzi huwekewa springi ndogo kati ya foki na fremu ili usukani usianguke ukiisimamisha na kikapu kimejaa. Ukiikuta springi hiyo kwenye mtumba, usiitupe ukidhani ni takataka.

Hatua ya 3: Tafuta mburuto

Kama una muda wa kupima kitu kimoja tu, pima hiki.

Tazama gurudumu dogo la mbele la kitoroli cha dukani. Kiungo chake kiko mbele, gurudumu linafuata nyuma, na ukisukuma linajinyoosha lenyewe. Baiskeli iko hivyo hivyo. Chora kwa mawazo mstari unaopita katikati ya shingo na kuteremka mpaka sakafuni. Mstari huo hugusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapogusa. Tairi linaburutwa nyuma ya mstari, na umbali huo ndio ninaouita mburuto.

Namna ya kuupima: nyoosha usukani, mtu mwingine aishike baiskeli wima. Laza ubao ubavuni sambamba na shingo, ncha yake ifike sakafuni, weka alama ya chaki. Ning'iniza timazi kutoka katikati ya ekseli ya mbele, nati ikitulia weka alama ya pili. Pima umbali kati ya alama. Rudia mara tatu uchukue wastani, kwa sababu ubao ukipinda kidogo tu juu, chini unakosa kwa sentimita nzima. Ukitaka uhakika zaidi, piga picha kwa ubavu ukiwa mbali mita 6 au 7, simu ikiwa kwenye kimo cha ekseli na picha ikiwa imevutwa karibu, kisha uchore mistari juu ya picha. Picha ya karibu hupotosha pembe.

Anayependa hesabu anaweza kuhakiki. Chukua nusu ya kimo cha gurudumu pamoja na tairi lake, zidisha kwa kosini ya pembe ya shingo, toa mchomozo wa foki, kisha gawanya kwa sini ya pembe hiyo hiyo. Baiskeli ya barabarani yenye gurudumu la nusu kimo milimita 336, shingo digrii 73 na mchomozo 45 inatoa mburuto wa milimita 56. Ya mlimani ya kizamani, gurudumu la 26, shingo 71, mchomozo 40, inatoa 71. Ya mlimani ya kisasa yenye magurudumu ya 29, shingo 65 na mchomozo 44, inafika 124.

Sasa rudi kwenye baiskeli nyeusi ya jirani. Shingo yake imelala kwa digrii 67, na kwa pembe hiyo ungetegemea mburuto mkubwa kama wa mlimani. Lakini foki yake imekunjwa mbele kwa milimita 75, karibu inchi 3, na mkunjo huo unarudisha mburuto kwenye milimita 69 hivi. Waliochora fremu hizo zamani walitaka baiskeli ndefu, laini kwenye barabara mbovu, na bado isiwe nzito mikononi. Shingo iliyolala ikawapa urefu, foki iliyokunjwa sana ikawarudishia wepesi. Ndiyo maana ni kosa kuihukumu baiskeli kwa pembe ya shingo peke yake. Pembe, mchomozo na ukubwa wa gurudumu hufanya kazi pamoja.

Mikononi tofauti iko hivi. Mburuto mdogo, chini ya 50, usukani ni mwepesi, unaitikia haraka, unapenda mwendo wa polepole na mzigo wa mbele. Kati ya 50 na 65 ni eneo la baiskeli za barabarani: zinakwenda mstari bila kukuchosha na bado zinakata kona kwa kulaza mwili tu. Juu ya 80 baiskeli hutulia sana ikiwa na kasi na hupita kwenye mawe bila kuvurugwa, ila mjini kati ya magari utahisi unaibembeleza igeuke. Ile bluu yangu, foki ikiwa imerudi nyuma, mburuto wake ulikuwa umepanda kutoka 71 hadi karibu 100. Uzito wa usukani ulitoka hapo. Na foki iliyogeuzwa ya hatua ya kwanza? Kwa fremu ya aina hiyo inatoa zaidi ya milimita 150.

Nisiwafiche kwamba sayansi ya jambo hili ni pana kuliko mburuto. Mwaka 1970 mwanakemia Mwingereza David Jones alichapisha majaribio yake ya kutengeneza baiskeli isiyoendesheka. Aliongeza gurudumu linalozunguka kinyume ili kufuta nguvu ya mzunguko, ile inayofanya gurudumu linalozunguka likatae kulala, na bado aliiendesha. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft na Cornell walionyesha kwenye jarida la Science baiskeli ndogo ya majaribio isiyo na nguvu ya mzunguko na yenye mburuto hasi kidogo, na bado ilijisimamia ikisukumwa, kwa sababu ya jinsi uzito wake ulivyopangwa mbele na nyuma. Kwa hiyo mburuto si siri pekee ya baiskeli kusimama. Lakini kwa baiskeli za kawaida tunazonunua, ndio kipimo kinachoelezea vizuri zaidi utakachohisi kwenye viganja.

Hatua ya 4: Ekseli kwa ekseli, na mzigo utakaobeba

Pima kutoka katikati ya ekseli ya mbele mpaka katikati ya ekseli ya nyuma, usukani ukiwa umenyooka. Pima pande zote mbili. Zikitofautiana, ama gurudumu limefungwa upande ama foki imepinda. Kisha pima kutoka ekseli ya nyuma mpaka katikati ya krenki.

Baiskeli ya mashindano huwa karibu sentimita 98 mpaka 100 ekseli kwa ekseli, na sentimita 41 hivi kutoka krenki mpaka ekseli ya nyuma. Ile nyeusi ya jirani ilikuwa 116 na 47. Fupi hukata kona ndogo na kupanda kilima kwa wepesi, ndefu hutulia. Hilo kila mtu hulisikia. Lisilosemwa sana ni kwamba urefu wa nyuma ndio unaoamua kama karia itabeba mzigo au mzigo utaibeba baiskeli.

Nenda barabara ya kuingia Dar es Salaam kutokea Kisarawe alfajiri uwatazame wabeba mkaa. Magunia yamesimama wima pande mbili za karia na jingine juu yake. Mzigo huo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, hufanya kazi kama bembea: unanyanyua gurudumu la mbele, tairi la mbele linakosa uzito wa kushika barabara, na usukani unaanza kuyumba. Mikono ya nyuma, yaani mabomba yanayotoka kwenye krenki mpaka ekseli ya nyuma, ikiwa mirefu, sehemu kubwa ya mzigo inakuja mbele ya ekseli, kati ya magurudumu mawili. Ndiyo sababu huwezi kuchukua fremu ya mlimani yenye sentimita 42 za nyuma, ukafunga karia ndefu ya chuma, ukategemea ibebe kama baiskeli nyeusi. Chuma kitahimili. Usukani hautatii.

Abiria naye ana hesabu yake. Tairi la nyuma likipanda jiwe, anayekaa katikati ya magurudumu hunyanyuliwa nusu ya kimo cha jiwe. Anayekaa juu kabisa ya ekseli ya nyuma hunyanyuliwa kimo chote, na aliye nyuma ya ekseli hunyanyuliwa zaidi ya jiwe lenyewe. Mwendeshaji kwenye siti yake hupata kama robo tatu na ushee. Waendesha boda boda wa mwanzo, wale wa baiskeli waliovusha watu mpakani Busia kabla pikipiki hazijachukua jina lao, waliweka mto mnene kwenye karia, na walikuwa na haki: mahali pale ndipo pabaya kuliko pote kwenye baiskeli. Ukiwa na nafasi ya kuchomelea karia upya, isogeze mbele kadiri visigino vya mwendeshaji vinavyoruhusu.

Kwa mzigo wa mbele, kikapu au sanduku la mikate, tafuta kinyume: mburuto mdogo. Wasambaza magazeti wa Paris wa zamani walibeba mirundo mizito juu ya gurudumu la mbele kwa baiskeli zilizochorwa hivyo. Uzito wa mbele wenyewe hutuliza usukani, na mburuto mkubwa juu yake huufanya uwe wa kupigana nao.

Hatua ya 5: Kimo cha krenki

Pima kutoka sakafuni mpaka katikati ya krenki, kisha sakafuni mpaka katikati ya ekseli. Krenki huwa chini ya ekseli. Kwenye baiskeli ya barabarani ni kama milimita 70 chini, kwenye ya mlimani pungufu ya hapo, mara nyingi 30 hivi. Krenki ya chini inakukalisha ndani ya baiskeli, na kona za kasi zinakuwa tamu. Ya juu inaokoa pedeli isigonge mawe na visiki. Kwa lami chagua ya chini, kwa njia ya shamba chagua ya juu.

Hatua ya 6: Fremu na mwili wako

Hapa watu hupima kitu kisicho sahihi. Urefu wa bomba la siti, ile "inchi 22" au "inchi 24" ya fremu, ulisaidia zamani wakati bomba la juu lilikuwa limelala sawa na sakafu. Fremu za leo zina bomba la juu linaloteremka, na siti unaipandisha utakavyo. Kinachokataa kubadilika ni umbali wa mbele.

Simamisha timazi ipite katikati ya krenki. Kutoka kwenye uzi huo, pima kwa usawa mpaka katikati ya mdomo wa juu wa shingo. Hiyo ndiyo richi, jina utakalolikuta kwenye majedwali ya watengenezaji. Kimo kutoka usawa wa krenki mpaka mdomo huo wa shingo huitwa staki. Chukua baiskeli uliyoizoea, ambayo mgongo haukuumi, uipime namba hizi mbili, uziandike kwenye simu. Ukifika uwanja wa mitumba hutahitaji kubahatisha. Richi ikizidi ya kwako kwa sentimita 3, utafupisha stemu, kile kipande kinachoshika usukani juu ya shingo, mpaka usukani ubadilike tabia. Staki ikipungua kwa sentimita 5, shingo yako mwenyewe itaanza kuuma kabla ya baiskeli kufika nyumbani.

Bomba la siti nalo lina pembe. Digrii 73 au 74 hukuweka juu ya pedeli, vizuri kwa kupanda na kukimbia. Digrii 67 au 68 za baiskeli nyeusi hukurudisha nyuma, mgongo wima, uzito kwenye makalio, mikono haina kazi nzito. Kwa mtu anayekaa juu ya baiskeli saa nzima na shati la kazini, mkao huo ni mzuri mno, na sikubaliani na wanaouita wa kizamani. Kumbuka tu kwamba siti ukiisogeza mbele sentimita moja na robo hivi, ni kama umeisimamisha pembe kwa digrii 1. Una nafasi ya kurekebisha, ila si kubwa.

Tazama pia nafasi ya kiatu. Weka pedeli mbele sambamba na sakafu, vaa viatu vyako vya kila siku, geuza usukani taratibu. Ncha ikigusa tairi kwenye baiskeli ya mashindano ndogo, ni kawaida yake na kwa kasi haitakusumbua. Ikigusa kwenye baiskeli ya mlimani, rudi hatua ya 1 ukaitazame foki.

Hatua ya 7: Unachoweza kubadilisha, na gharama yake

Foki yenye springi ndiyo tamaa ya vijana wengi. Ukiitia kwenye fremu iliyochorwa kwa foki ngumu, mbele inapanda. Kila milimita 20 za kupanda huilaza shingo kwa digrii 1 hivi, mburuto unaongezeka, krenki inapanda, na siti inarudi nyuma. Milimita 60 ni digrii 3, baiskeli nyingine kabisa. Zaidi ya hapo, nguvu ya ziada inaishia kwenye shingo ya fremu, pale pale ulipopitisha kidole. Pima foki ya zamani kutoka ekseli mpaka taji lake, pale miguu yake miwili inapokutana chini ya shingo, nunua yenye kipimo cha karibu.

Tairi ni hadithi ya furaha zaidi. Kwenye ulaini wa safari, tairi linashinda fremu. Mtu anaweza kubishana usiku kucha kuhusu chuma na alumini, kisha akapunguza upepo kidogo kwenye tairi pana na barabara nzima ikabadilika. Hata wa mashindano wamekubali: zamani walipanda tairi za milimita 23, leo 28 na 30 ni kawaida, na waliotazama mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, waliona kwa nini, pale wapandaji walipokuwa wanakwea mawe ya Kimihurura mzunguko baada ya mzunguko. Ukibadilisha ukubwa, kumbuka umbo nalo linaguswa: tairi nyembamba zaidi kwenye baiskeli ya 26 zinaweza kuishusha krenki milimita 15 na kupunguza mburuto kama milimita 5. Mara nyingi hilo linafaa mjini.

Stemu fupi huharakisha mikono, ndefu huichelewesha. Sentimita moja au mbili hazina ubaya. Ukijikuta unahitaji kubadilisha sentimita 5 ili uikalie baiskeli, fremu hiyo si yako.

Hatua ya 8: Ipande

Sasa namba zina maana, kwa hiyo omba uiendeshe, hata mita 200. Anza na mwendo wa mtu anayetembea, fuata mstari wa chaki au ukingo wa lami. Ukiwa unapiga usukani huku na huku bila kukoma, mburuto au kuanguka kwa usukani ni kukubwa kwa safari zako. Zunguka namba 8 ndogo, kushoto kisha kulia. Upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwingine, kuna kitu kimepinda ambacho ubao haukukiona.

Ongeza kasi mahali pasipo na magari, legeza mikono iguse usukani kwa vidole tu. Baiskeli nzuri inaendelea mbele. Ikivuta upande mmoja kila mara, irudie kwa uzi. Ukiwa kwenye mteremko na mbele ikaanza kutetemeka kwa haraka, usikaze mikono: bana bomba la juu kwa goti, punguza mwendo taratibu kwa breki ya nyuma. Mara nyingi mtetemeko huo hutokana na gololi za shingo zilizolegea au mzigo uliofungwa vibaya, kwa hiyo kaza kwanza kabla ya kuikataa.

Na kama ni baiskeli ya kazi, usiijaribu tupu. Omba dumu la lita 20 lenye maji karibu kujaa, lifunge karia kwa mpira, zunguka tena ile namba 8. Muuzaji aliyekuwa na haraka atalalamika kidogo. Mwache alalamike, wewe sikiliza viganja vyako kwenye kona ya pili, pale maji yanapohama ndani ya dumu na usukani unataka kufuata.